Kitinda Mimba wa Tatu

Fundi mwenyewe alikuwa mfupi, mfupi wa kuinua uso hata anapozungumza na mkewe, lakini mtaa mzima ulimwita Ghorofa. Jina lilitokana na kazi. Alikuwa seremala wa vitanda, na katika ujana wake hakuna aliyemfikia kwa vitanda vya ghorofa. Alitengeneza vya watoto wawili, vya watatu, na mara moja kimoja cha wanne, ambacho kilibidi kipitishwe dirishani baada ya kung'oa nondo. Miaka hiyo mzazi akifika karakana hakuuliza rangi wala nakshi. Aliuliza tu, "Kitabeba wangapi?"

Yeye mwenyewe alikuwa wa saba kati ya kumi na mmoja, tumbo moja. Tangu anapata akili alilala mzungu wa nne na kaka zake, miguu ya huyu puani mwa yule, na alipooa alichukua muda kuzoea kwamba mwenzake wa kitandani ana kichwa upande uleule.

Mkewe alikuwa mshonaji wa magodoro. Duka lake lilipakana na karakana ya mumewe, ukuta mmoja, na biashara zao zilikwenda kama kinu na mchi: mume akiuza kitanda, mke anauza godoro. Alikuwa mwanamke wa mipango. Kabla hata ya harusi alishasema wazi kwamba atazaa wawili tu. Wa kwanza alikuwa msichana, kifungua mimba, akaja wakati alioitwa. Wa pili mvulana, naye akaja kwa miadi. Wakamtangaza kitinda mimba, mama akagawa nguo zote za uchanga, hata beseni la kuogeshea likaenda kwa jirani.

Halafu sindano ya uzazi wa mpango ikamtibua mwili. Akaambiwa apumzike kidogo. Katika hicho kidogo wakaingia mapacha.

"Basi hawa ndio vitinda mimba," akasema baada ya kumaliza kulia. Kuanzia hapo watu wakamwita Mama Pacha, na beseni likanunuliwa jipya.

Miaka ikasonga, na karakana ikaanza kubadilika bila mtu kuibadilisha. Wateja waliokuwa wakija na orodha ya watoto kichwani sasa walikuja na mtoto mmoja wamemshika mkono, na mtoto huyo ndiye aliyechagua. Alitaka droo chini, alitaka rafu ya vitabu, alitaka taa. Vijana waliolala katika vitanda vya Ghorofa wanne wanne walikuwa wameoa, wana kazi, wana mmoja au wawili, na hawakutaka kabisa kusikia habari ya kupanda ngazi kwenda kulala.

"Fundi, dunia imeshuka ghorofa," alisema Vanishi. Huyu alikuwa mwenzake wa karakana, mpaka rangi, mtu wa maneno mengi ambaye brashi yake ilisimama kila mdomo ulipoanza. Alikuwa na watoto sita na mke aliyekwisha kumwonya.

Ghorofa hakuhuzunika. Alijifunza vitanda vya chini, akaona kwamba mtoto mmoja anayechagua analipiwa vizuri kuliko wanne wanaopangiwa. Nyumbani kwake ndiko kulikobaki na mashaka. Mama Pacha alikuwa ameshavuka arobaini na kila njia aliyojaribu iligombana naye. Siku moja akamvuta mumewe mkono mpaka zahanati, wakaketi mbele ya muuguzi mnene mwenye miwani ya kamba, mama ambaye alikuwa amewahudumia tangu kifungua mimba.

"Vidonge?" aliuliza muuguzi.

"Kichwa kinaniuma kama napigiliwa msumari."

"Sindano?"

"Sindano iliniletea mapacha."

"Kijiti?"

"Mkono uliingia ganzi, nikashindwa kushika mkasi."

"Kitanzi?"

"Kilitoka chenyewe, bila hata kuaga."

Muuguzi akavua miwani, akamgeukia Ghorofa, ambaye muda wote huo alikuwa anasoma kwa makini bango la kupiga mswaki. "Na wewe, baba?"

"Mimi? Mimi nimemsindikiza tu."

"Na mimba zote hizo ulimsindikiza tu?"

Mama Pacha akacheka mpaka akaegemea ukuta. Ghorofa akaelezwa kuhusu kufunga mirija. Alikuwa amekwisha kulisikia jambo hilo kwenye vijiwe, na kwa jinsi lilivyosimuliwa kule halikutofautiana na kuhasi fahali. Akauliza kama atanenepa. Akaambiwa hapana. Akauliza, kwa sauti ya chini, kama nguvu zitabaki. Akaambiwa zitabaki palepale. Akauliza kama sauti yake itakuwa nyembamba.

"Sauti yako iko kooni, baba," alisema muuguzi. "Huko sisi hatufiki."

Akakubali. Si kwamba alikuwa shujaa. Alimtazama mkewe akiukunja na kuukunjua ule mkono uliokufa ganzi, akaona haya. Kazi yenyewe ilikuwa fupi kuliko kunyoa ndevu. Alitoka akitembea kama mtu aliyebeba mayai, na mlangoni muuguzi akamshika bega.

"Sikiliza vizuri. Mbegu zilizotangulia bado ziko njiani. Miezi mitatu hii mtumie kondomu, halafu urudi tukupime. Mpaka tukuambie hamna kitu, jihesabu hujafanya lolote."

"Nimeelewa," alisema Ghorofa, na kweli alielewa.

Vanishi ndiye aliyemfumania. Alimwona mwenzake anapiga randa akiwa ameweka mto chini ya makalio, akamwandama kwa maswali mpaka akajua yote. Siku chache baadaye mtaa mzima ulijua. Ajabu ni kwamba Ghorofa hakuchukia. Wanawake walimsifu wakipita. Muuza kahawa mmoja, mama wa watoto wanane, alikataa kabisa kupokea pesa yake. Alianza kutembea kifua mbele, mwanaume wa kisasa.

Na mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Kondomu zilitumika mwezi mmoja na siku kadhaa, kisha zikasahauliwa kwenye droo. Miezi mitatu ilipotimia, alikwenda zahanati kupimwa kama alivyoagizwa. Kwenye dirisha la maabara akakutana na msichana aliyevaa koti jeupe.

"Shikamoo baba!" msichana akasema kwa furaha. Alikuwa binti wa jirani. Kitanda chake cha kwanza alikitengeneza Ghorofa, chenye sungura aliyechongwa ubavuni.

"Marahaba, mwanangu."

"Umekuja kupima nini?"

Ghorofa alitazama vile vikopo vilivyopangwa nyuma yake. Akawaza jinsi atakavyomwambia mtoto huyu shida yake, jinsi atakavyopewa kikopo na mkono uleule uliokuwa ukimshika kidole kuvuka barabara, halafu akirudishe kikiwa na kitu.

"Malaria," akasema.

Akachomwa kidole. Hakuwa na malaria. Akarudi nyumbani akinyonya kidole chake, na mkewe akamkuta anakunywa maji.

"Umepimwa?"

"Nimepimwa."

"Wamesemaje?"

"Hamna kitu."

Kila neno lilikuwa kweli tupu. Alijiambia kwamba atarudi wiki ijayo, zamu ya msichana yule ikiisha.

Wiki hiyo haikufika. Badala yake Mama Pacha alianza kuchukia harufu ya gundi. Alidhani ni utu uzima unabisha hodi, maana siku zake zilikuwa zimeshaanza kuyumba. Akanunua kipimo cha dukani ili tu aondoe wasiwasi, akapima, akanunua kingine cha duka jingine. Mchana, watu wakiwa wamekwenda kula, akavuka upande wa karakana.

"Baba Pacha, nina mimba."

Ghorofa alikuwa na nyundo mkononi. Akaiweka chini polepole, akaitazama, akaichukua tena.

"Si ulisema ulipimwa?" mkewe akaendelea. "Si ulisema hamna kitu?"

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi. Angesema neno moja tu, yangeisha. Lakini ulimi ulimganda. Alimtazama tu mkewe, na mkewe akayasoma yale macho vibaya.

"Unaniangalia hivyo kwa nini?" akauliza taratibu. Kisha akageuka akarudi dukani kwake, na alasiri ile hakuna aliyesikia cherehani yake.

Wakaingia katika siku za ukimya. Chakula kilipakuliwa, nguo zilifuliwa, mapacha walikaguliwa madaftari, lakini baina ya mume na mke hapakuwa na zaidi ya "karibu" na "asante." Ghorofa alijua fika mkewe anadhani anamshuku. Kila asubuhi aliamka ameazimia kusema, na kila asubuhi aliona kwamba jana ingekuwa rahisi zaidi. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Yeye alificha, na bado akazaa.

Tumbo halina siri. Lilipoanza kuonekana, hesabu ilifanyika mtaani haraka.

"Fundi, mimi sisemi kitu," Vanishi alisema, brashi ikiwa imesimama. "Ila kitanda ulishakifunga skrubu mwenyewe. Sasa kimelegezwa na nani?"

"Paka rangi," Ghorofa akamjibu.

"Napaka. Nauliza tu."

Muuza kahawa aliyekataa pesa yake sasa aliipokea, tena bila kumtazama usoni. Na Mama Pacha, ambaye dukani kwake wanawake walikuwa wakiketi juu ya sponji na kupiga soga, alianza kuona wanaulizia bei wakiwa wamesimama na kuondoka.

Jumapili moja baada ya chakula cha mchana, Dada Mkubwa akabisha hodi. Alikuwa wa kwanza wa wale kumi na mmoja, ndiye aliyembeba Ghorofa mgongoni na kumfundisha kutembea, na mbele yake fundi huyu wa miaka arobaini na sita alikuwa bado mtoto. Aliketi, akakataa soda, akawatuma mapacha wakacheze nje.

"Wifi," akaanza, "mimi si mtu wa kuzunguka. Mdogo wangu alifungwa, mtaa mzima unajua. Sasa naona tumbo. Hilo limefunguliwa kwa ufunguo wa nani?"

Mama Pacha alikuwa anakunja nguo. Akaendelea kukunja. "Wifi, mimi nimekosa cha kusema. Muulize huyo mwenye macho ya kuniangalia."

Dada Mkubwa akamgeukia mdogo wake.

"Ni yangu," akasema Ghorofa.

"Usimlinde."

"Simlindi, Dada. Mimba ni yangu. Sikupimwa."

Nguo ikasimama mikononi mwa Mama Pacha. "Ulisema ulipimwa."

"Nilipimwa malaria."

Nje kuku walisikika wakiparura. Kisha Ghorofa akamimina yote: kondomu za kwenye droo, msichana wa maabara, kikopo, kidole. Hakujipunguzia. Alipofika kwenye "hamna kitu," aliitazama sakafu.

Mama Pacha alisimama. "Siku zote hizi," akasema, "nashindwa kula. Nalala nimekaza macho, nadhani mume wangu ananiona malaya. Wanawake wenzangu hawaketi tena kwangu. Kumbe wewe umejificha nyuma ya mbu?"

Akamrushia nguo aliyokuwa anaikunja. Ilikuwa shati la Ghorofa mwenyewe, likamfunika kichwa. Chini ya shati hilo alisikia sauti ya ajabu. Alipolivua akamwona Dada Mkubwa anacheka, mabega yakitikisika, machozi yakimtoka, na taratibu machozi yakaendelea hata cheko lilipokwisha.

"Nisamehe, wifi," Dada Mkubwa akasema, akijipangusa kwa upindo wa kanga. "Mimi ndiye ningetakiwa kuwa wa mwisho kukuuliza hivyo. Unajua mimi niliachaje shule? Niliona tumbo linakua, nikadhani ni minyoo. Naapa. Nilikunywa dawa ya minyoo. Hakuna aliyenieleza chochote, na ilipojulikana hakuna aliyemuuliza mwanaume. Niliulizwa mimi tu, watu wakiwa wameketi hivihivi. Nikaolewa, nikazaa saba. Nawapenda wote. Lakini hata mmoja sikuwahi kuulizwa kama namtaka."

Mama Pacha akaketi karibu naye. Baadaye wawili hao wakaenda jikoni kuchemsha chai, na Ghorofa hakuletewa.

Kwa wiki kadhaa alilala chumba cha watoto, kitanda cha juu cha mwanawe aliyekuwa shule ya bweni, maana mapacha walikataa kumwachia cha chini. Asubuhi moja mkewe akamwita dukani, akamwonyesha kiti.

"Mwaka huu nilipanga nichukue chumba cha pili hapo pembeni," akasema. "Nilikuwa na hesabu zangu zote. Nimekaa nimewaza. Huyu nitamzaa, na nikishamzaa nitampenda, hilo sina wasiwasi nalo. Lakini chumba cha pili nitachukua vilevile. Siku za kwenda kiwandani kuleta sponji, mtoto ni wako. Si wa binti yako, si wa dada yako. Wako."

"Wangu," alisema Ghorofa.

"Na leo tunakwenda kupima. Nitasimama mlangoni."

Walikwenda. Msichana wa maabara alikuwa palepale. Ghorofa akavuta pumzi, akasema alichokuja kupima, kwa sauti nene kuliko alivyokusudia, hata watu wa kwenye benchi wakageuka. Msichana akampa kikopo bila kupepesa jicho. "Wengi tu wanakuja, baba," akasema. "Choo kile pale."

Majibu alisoma muuguzi mwenye miwani. "Sasa ndiyo hamna kitu. Hakuna hata anayetikisa mkia." Kisha akamtazama Mama Pacha na tumbo lake, akatikisa kichwa kwa upole. "Usijione uko peke yako, mama. Nilipoanza kazi, benchi hilo nje lilijaa wasichana wa shule, wanalia. Siku hizi wao wanajua kuliko mimi, wanakuja mapema, wanauliza maswali mpaka nachoka. Wanaonishangaza ni nyinyi watu wazima. Mnajiona mmeshamaliza, mnaacha mlango bila komeo. Mwezi huu wewe ni wa nne."

Kifungua mimba alikuwa chuoni anasomea umeme. Alipokuja likizo akasimama mlangoni, akatazama tumbo la mama yake, akamtazama baba yake.

"Kwa hiyo mlionihubiria mimi nijitunze ni nyie?"

"Ndiyo," alisema Ghorofa. "Na bado tunakuhubiria. Sasa tuna ushahidi."

Binti akajaribu kununa lakini akashindwa. Alikuwa na mchumba, na walikwisha kubaliana wakae miaka mitatu kwanza, kisha mtoto mmoja, kisha waone. Mama yake alipomuuliza wameamuaje, akaeleza njia, tarehe na zahanati, kama mtu anayesoma ramani ya nyaya. Mama Pacha alimsikiliza hadi mwisho, kisha akaenda chumbani na kukaa huko kidogo peke yake. Alipotoka alikuwa anatabasamu.

Mtoto alizaliwa salama, msichana mwenye mapafu ya mnadi. Wanawake walirudi dukani mmoja mmoja, wakaketi juu ya sponji kama zamani, kwa sababu Dada Mkubwa alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akisimulia habari ya malaria, na kila aliposimulia aliiongeza chumvi. Ghorofa alipoteza heshima ya mwanaume wa kisasa. Akapata nyingine ndogo zaidi, ya mtu ambaye wanaume wenzake hawaogopi kumuuliza. Walikuja wakijidai kutafuta kitanda. Walipapasa mbao, wakasifu msasa, wakakohoa. "Eti, fundi, ile kitu... inauma?" Vanishi hakuzunguka hivyo. Siku moja aliweka brashi chini, akavua aproni, akasema, "Twende. Nisindikize kabla sijabadili mawazo." Karakana ikafungwa nusu siku.

Chumba cha pili kilipangishwa, kikajaa magodoro mpaka dari. Siku za sponji Ghorofa aliacha randa, maana vumbi la mbao halifai kwa mtoto, akahamia upande wa mkewe. Mwanzo hakujua kutofautisha unene wa godoro hili na lile. Alichojua ni mbao. Lakini aligundua kwamba akimlaza mtoto juu ya godoro na mtoto akasinzia, mteja hahitaji maneno mengine.

"Mjukuu?" waliuliza.

"Wangu mwenyewe."

"Hongera, babu."

Siku moja Mama Pacha alichelewa kiwandani. Lori lilipomshusha alikuta wateja watatu wamesimama ndani ya duka, wamebana midomo, mmoja amevua viatu. Katikati ya duka, juu ya godoro bora kuliko yote, mumewe amelala chali, kinywa wazi, mtoto kifuani, wote wawili wanakoroma.

"Tumeogopa kuwaamsha," mteja mmoja akanong'ona. "Tulikuwa tunataka hilohilo."

"Hilo lina watu," alinong'ona Mama Pacha, akatembea kwa ncha za vidole mpaka nyuma, akawashushia la pili yake.